Miezi 15 ya kuuliza "lini": uchambuzi wa kisa cha gari la umeme lililokaa yadini

Asubuhi ya makabidhiano gari lilikataa kufunguka. Lilikuwa chini ya paa la yadi, limefunikwa kitambaa cheusi, na kijana wa mauzo alipokivuta tulinyamaza wote watatu, kwa sababu kweli lilikuwa zuri. Kisha akabonyeza rimoti. Vitasa vya milango, vile vinavyolala sawa na bati na kuchomoza vyenyewe mwenye gari anapokaribia, havikusogea. Akabonyeza tena. Akaisogeza rimoti mpaka ikagusa kioo, akabonyeza mara ya tatu. Dada niliyeongozana naye, ambaye alikuwa amelisubiri gari hilo miezi 15, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hii ni kawaida?"

Nikamwambia hapana. Tulifungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti, tukafungua boneti, nikaweka mita kwenye betri ndogo ya volti 12. Ikasoma 8.9. Betri ya risasi ya aina ile ikiwa imejaa husoma kati ya 12.6 na 12.8, na ikishuka chini ya 10.5 mafundi huihesabu kuwa imekwisha. Volti 8.9 haziji kwa usiku mmoja. Gari lilikuwa limekaa muda mrefu bila mtu wa kuliangalia.

Nimeombwa mara kadhaa nikieleze kisa hiki, na nimekubali kukiandika chote kwa sababu nilikuwa ndani yake tangu mwanzo. Muuzaji alikosea, na nitasema wapi. Lakini kosa lililozaa mengine yote lilikuwa letu, upande wa mnunuzi, na mimi nikiwa mshauri. Kwa miezi 15 tuliuliza gari litafika lini. Hatukuuliza liko wapi, wala liko katika hali gani.

Dada huyu si mgeni wa magari ya kasi. Ameendesha magari ya petroli yenye injini kubwa kwa zaidi ya miaka 20, na anaijua injini inayolalamika kabla taa ya onyo haijawaka. Alihamia kwenye umeme baada ya kuendesha gari la majaribio kwa nusu saa. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuzungusha tangu gurudumu linapoanza kusogea. Haingoji gia, haingoji injini ipande. Gari aliloagiza lina mota mbili, mfumo wa volti 800, uzito wa tani mbili na robo, na linatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde 4. Aina yake sitaitaja, wala muuzaji sitamtaja.

Aliagiza Januari 2022. Akalipa arubuni, akachagua rangi, viti, na rimu za inchi 21. Mkataba uliandika makadirio ya kukabidhi kuwa Septemba 2022. Tarehe hiyo ikasogezwa hadi Desemba, kisha Februari 2023, kisha Aprili. Kila mara ilipoahirishwa alipewa sababu, na nataka kuzipima sababu hizo moja moja, kwa sababu si zote zilikuwa za uongo, na anayesubiri gari akishindwa kutofautisha ya kweli na ya uongo ataishia ama kumwamini kila mtu au kugombana na kila mtu.

Sababu ya kwanza ilikuwa nyaya. Hii ilikuwa kweli. Vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, viwanda vya nchi hiyo vilivyokuwa vikitengeneza mafungu ya nyaya kwa ajili ya magari ya Ulaya vilikwama, na Volkswagen ililazimika kusimamisha kwa muda kazi katika kiwanda chake cha Zwickau, ambacho kinaunda magari ya umeme. Mtu asiyejua kazi hii atashangaa gari zima linakosaje kuundwa kwa kukosa waya. Fungu la nyaya ndilo mishipa ya gari. Hulazwa ndani ya bodi mapema, kabla ya viti, kabla ya dashibodi, kabla ya zulia, kwa hiyo huwezi kulimalizia baadaye kama unavyofunga kioo cha pembeni. Tena sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa kwa mikono, na mara nyingi hupangwa kufuata vitu mteja alivyochagua: mwenye viti vya kupasha joto ana nyaya ambazo jirani yake hana. Ongeza upungufu wa chipu uliokuwa umeanza mwishoni mwa 2020, na miezi mitatu ya kuchelewa inaeleweka kabisa. Dada alipokea habari ile vizuri, na alikuwa na haki ya kuipokea vizuri.

Sababu ya pili ilikuwa meli, na hii nayo ilikuwa na ukweli ndani yake. Meli za kubeba magari zilikuwa haba mwaka ule. Aliyekuwa akifuatilia alikumbuka pia Felicity Ace, meli iliyoshika moto karibu na visiwa vya Azores tarehe 16 Februari 2022 ikitoka Ujerumani kwenda Marekani, ikiwa na magari yapatayo 4,000, yakiwemo ya Porsche, Audi, Bentley na Lamborghini. Mabaharia wote 22 waliokolewa, lakini meli ilizama tarehe 1 Machi pamoja na magari yote. Lamborghini ilibidi ianze tena kuunda Aventador ambazo uzalishaji wake ulikuwa umekwisha, ili walioagiza wasikose. Baada ya tukio lile watu wengi wanaosubiri magari yao walianza kuulizia jina la meli. Sisi hatukuulizia. Ndiyo maana tulishindwa kuikamata sababu ya tatu.

Hiyo ya tatu ilitolewa Januari 2023, kwa simu: gari bado liko baharini.

Gari halikuwa baharini. Lilikuwa limeteremshwa bandarini katikati ya Novemba 2022, na wiki hiyo hiyo likapelekwa yadi ya muuzaji, mwendo wa dakika chache kutoka kwenye meza aliyokuwa ameketi yule aliyepiga simu. Nilikuja kulijua hili baadaye kwa karatasi za shehena, lakini tungeweza kulijua siku ile ile. Meli kubwa hutangaza mahali zilipo kwa mawimbi ya redio, na yeyote mwenye jina la meli anaweza kuifuata kwenye ramani mpaka inatia nanga na mpaka inaondoka. Swali la "meli inaitwaje?" lingemaliza mjadala kwa dakika tano.

Hapa inabidi nieleze habari ya Oktoba, maana ndipo sisi tulipolegea. Mwezi huo dada alitumiwa namba ya chesisi. Kwa anayesubiri gari, siku namba ya chesisi inapotoka ni siku kubwa: kabla ya hapo una ndoto na risiti, baada ya hapo kuna chuma mahali fulani duniani chenye jina lako. Alinitumia picha ya karatasi usiku, tukaisoma pamoja kwenye simu, tarakimu na herufi 17. Herufi ya 10 ilikuwa P. Katika masoko mengi nafasi hiyo huonyesha mwaka wa modeli, na P ni 2023 (2022 ni N, O huachwa, kama zinavyoachwa I na Q, ili zisichanganywe na tarakimu). Tukafurahi kwamba ni la 2023. Mimi, ambaye kazi yangu ni hii, sikumwambia jambo ambalo nilipaswa kumwambia pale pale: mwaka wa modeli hauonyeshi siku gari lilipoundwa. Gari la modeli ya 2023 linaweza kabisa kuundwa Septemba 2022, na hilo letu ndivyo lilivyokuwa. Tangu usiku ule mawazo yetu yalikuwa kwamba tunasubiri gari linalokuja. Kumbe kuanzia Novemba tulikuwa tunasubiri gari linalozeeka.

Dada ana tabia nzuri ya kuandika. Kila simu aliyopiga au kupigiwa aliiweka kwenye daftari: tarehe, jina la aliyeongea naye, alichouliza, alichojibiwa. Nilipolisoma daftari lile baada ya mambo kuharibika, nilihesabu mazungumzo 34. Katika 31 aliuliza lini. Katika mawili aliuliza kama rangi haijabadilishwa. Katika moja tu, mwezi Desemba, aliuliza, "Kwa sasa gari liko wapi hasa?" na jibu aliloandika ni "atanipigia kesho". Kesho yake alipopigiwa aliambiwa habari ya tarehe mpya, naye akarudi kwenye lini.

Simlaumu. Swali la lini ndilo linalouma. Chaja ya ukutani alikuwa ameifunga tangu Juni 2022, amperi 32 kwa volti 230, kilowati 7 na ushee, waya wake mnene umepitishwa vizuri na kivunja umeme chake peke yake. Ilining'inia pale miezi kumi, plagi yake ikiwa bado ndani ya mfuko wa plastiki, naye akiipita kila asubuhi. Watu wakimwambia subira huvuta heri. Maneno hayo yana ukweli wake, lakini yakirudiwa mara nyingi humfanya mtu aone kuuliza ni utovu wa subira, na kwenye biashara ya namna hii anayeacha kuuliza hufikiwa wa mwisho.

Desemba pia ndipo alipopewa ofa ya gari jingine, la aina ile ile, rangi tofauti na rimu ndogo, lililoachwa na mteja aliyejitoa. Lilikuwa tayari. Alinipigia kuomba ushauri, nikamwambia asikubali, asubiri lake. Nimelifikiria sana jibu langu lile. Wanaosubiri magari ya namna hii hufungwa na kile walichochagua, na watengenezaji wanalijua hilo. Tesla ilipozindua Roadster mpya Novemba 2017 na kuahidi 2020, watu waliweka fedha nyingi mapema. Mwisho wa 2024 ulifika hakuna mteja aliyekabidhiwa. Walioagiza Model S Plaid+ ya kampuni hiyo hiyo waliambiwa Juni 2021 kwamba toleo hilo limefutwa kabisa, siku chache kabla ya Plaid ya kawaida kuanza kukabidhiwa tarehe 10 mwezi huo. Kwa hiyo kubadili mawazo njiani si aibu. Ila nilichopaswa kumwambia dada si ndiyo wala hapana. Nilipaswa kumwambia aulize magari yote mawili yako wapi na yameundwa lini, kisha alinganishe. Angeuliza hivyo, angegundua kwamba lake nalo lilikuwa yadini tayari, limesimama bila kuchajiwa.

Kwa nini lilisimama? Hii nayo haikuwa siri ya kutisha. Mtengenezaji alikuwa ametoa agizo kwamba magari ya kundi lile yasikabidhiwe mpaka programu ya inveta isasishwe kwa mashine ya kiwanda. Agizo la namna hiyo ni jema. Inveta ndiyo inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme unaozungusha mota, na ikikosea kwenye gari lenye nguvu kiasi kile, inakosea kwa nguvu kiasi kile. Angeambiwa, "Dada, gari lako limefika, ila kuna sasisho la usalama linasubiri fundi mwenye mashine," angekubali bila kunung'unika, ameniambia mwenyewe. Badala yake walimwambia liko baharini, na kwa kuwa rasmi lilikuwa baharini, hapakuwa na mtu yadini aliyejiona ana wajibu wa kulichaji.

Sasa tuangalie gari lenyewe lilipatwa na nini.

Gari la umeme likiwa limezimwa halijalala kabisa. Kompyuta zake husikiliza rimoti, husikiliza mtandao, hukagua joto la betri. Kazi hiyo hulishwa na ile betri ndogo ya volti 12, na ndogo ikipungua, gari huamka kidogo na kuijaza kutoka betri kubwa. Viwandani huwa wanaliweka kwenye hali ya usafirishaji ili matumizi hayo yapungue. La kwetu lilitolewa kwenye hali hiyo lilipofika yadini, likahamishwa kwa kuendeshwa, likaachwa likiwa macho. Kumbukumbu ya gari ilionyesha tarehe 21 Novemba betri kubwa ilikuwa asilimia 46, kiwango cha kawaida kwa gari lililotoka melini. Tarehe 14 Aprili 2023, siku ya makabidhiano, ilikuwa asilimia 9. Betri inabeba kilowati-saa 84, kwa hiyo zilipotea 31 kwa siku 144. Ukigawanya unapata wati 9 usiku na mchana, sawa na taa moja ndogo ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Betri kubwa ilipokaribia asilimia 10 gari likaacha kuilisha ndogo, ili kujilinda. Kuanzia hapo ile ndogo ilibaki inaliwa peke yake, mpaka volti 8.9, mpaka vitasa vikakosa nguvu ya kuchomoza.

Betri ya risasi ikishushwa hivyo haiponi kabisa. Sahani zake hujijenga ukoko mgumu, na hata ukiichaji ikaonyesha namba nzuri, haitashika. Kijana wa mauzo alitaka kuipiga jampa, yaani kuiamsha kwa umeme wa betri nyingine, tuondoke. Nilikataa, na hilo nalisimamia mpaka leo: gari jipya halipokelewi kwa jampa.

Kuhusu betri kubwa ilibidi nimtulize dada, kwa sababu aliposikia asilimia 9 alidhani imekufa. Betri za lithiamu haziumizwi na chaji ndogo kama watu wanavyodhani. Kinachozizeesha haraka ni kukaa zimejaa pomoni kwenye joto. Ndiyo sababu hushauriwa gari likikaa muda mrefu liachwe karibu na nusu. Hatari ya chini iko kwenye sifuri. Betri kubwa imeundwa kwa seli nyingi, vipande vidogo vilivyounganishwa, na seli ikishuka chini ya mpaka wake, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na kujijenga mahali pasipostahili, na uharibifu huo haurudi. Asilimia 9 ilikuwa bado upande wa salama, lakini hakuna aliyeweza kutuambia kama seli zote zilikuwa kwenye 9 au kuna zilizokuwa chini zaidi. Nikaomba kipimo cha kila seli. Mkuu wa karakana aliniangalia kama naomba maiti ifanyiwe uchunguzi, kisha akakubali.

Kijana wa mauzo, na nadhani kwa nia njema, alipendekeza tuweke betri ndogo mpya, tuzunguke mara moja, "ukikanyaga utasahau yote." Dada akaniangalia. Nilimweleza mbele yake: betri ikiwa chini, volti zake hushuka unapoivuta kwa nguvu, na gari hujipunguzia uwezo ili kuilinda. Kwenye asilimia 9 angeonjeshwa kivuli cha gari aliloagiza, na akiona limepungua asingejua kama ni chaji au ni ubovu. Hakuendesha. Aliomba viti viwili, akakaa, akasema, "Basi tuanze kulikagua kama tunalinunua leo." Nilijivunia sentensi ile kuliko kitu kingine chochote siku hiyo.

Matairi ndiyo yaliyonichukua muda. Kila tairi lina namba nne ubavuni zinazosema wiki na mwaka lilipotengenezwa. Mawili yalisoma 2822, mawili 2922: wiki ya 28 na ya 29 ya 2022. Umri si tatizo. Tatizo ni kwamba matairi ya magari haya yana mpira laini wa kushika lami, yana ubavu mfupi, na yalibeba tani mbili na robo mahali pamoja karibu miezi mitano, upepo ukipungua bila mtu wa kuujaza. Nilipima la nyuma kulia, upepo ulikuwa chini ya nusu ya unaotakiwa. Tuliliinua gari kwa jeki, nikalizungusha gurudumu polepole kiganja kikiwa juu ya mpira. Kiganja kinapita, kinapita, halafu kinazama kidogo, kama unapopapasa meza na kukutana na mahali palipopigwa randa mara moja zaidi. Nikamwita dada aweke mkono wake. Aliweka, akafumba macho, akazungusha mara tatu. "Hapa," akasema. Ndipo hapo.

Ubapa wa namna hiyo ukiwa mwepesi huisha tairi likipata joto la barabarani. Wa miezi mitano kwenye upepo mdogo mara nyingi hauishi, na kwenye mwendo mkubwa huwa mtetemo unaopanda mpaka kwenye usukani. Muuzaji alikubali kubadili mawili. Tulidai manne, maana mota zinasukuma mbele na nyuma na matairi yote yalikaa siku zile zile. Walikubali siku ya nne.

Diski za breki zilikuwa na kutu ya juu juu, si kitu. Gari la umeme hutumia mota kupunguza mwendo, breki hupumzika sana na hushika kutu haraka. Zilisafishwa. Rangi ilikuwa na alama pale plastiki ya usafirishaji ilipoachwa, ikang'arishwa.

Jambo zito kuliko yote halikuwa kwenye chuma. Tulipowasha gari na dada akaingia kwenye programu ya simu kwa jina lake, ukurasa wa udhamini ulionyesha umeanza tarehe 30 Desemba 2022. Alisoma mara mbili akanipa simu. Gari lililokuwa "baharini" Januari lilikuwa limeshaandikwa kwenye mfumo kwamba limekabidhiwa, siku moja kabla mwaka haujaisha. Hili hufanyika sehemu nyingi pale mauzo ya mwaka yanapotakiwa kutimia kwenye hesabu. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: udhamini wa betri kubwa, ambao kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, ulikuwa umeshaliwa miezi mitatu na nusu kabla hajakalia kiti. Na miezi yenyewe ndiyo ile ambayo gari liliachwa bila kuchajiwa.

Nimeshakutana na watu wanaoona miezi mitatu ndani ya miaka 8 ni kidogo, siyo ya kugombea. Mimi naiona tofauti. Tarehe ile ndiyo ushahidi pekee wa nani alikuwa na dhamana ya gari katika kipindi gani. Ukiikubali 30 Desemba, umekubali kwa maandishi kwamba gari lilikuwa mikononi mwako wakati betri inashuka, na siku seli moja ikileta shida mwaka wa tano, swali la kwanza litakuwa mwenye gari aliiacha ishuke hadi wapi.

Dada alikuwa hajamaliza kulipa. Hilo ndilo lililomwokoa, na alilifanya kwa akili yake mwenyewe: alikuwa amekataa tangu mwanzo kulipa salio kabla ya kuliona gari mchana kweupe. Siku ile hakusaini chochote. Aliandika karatasi moja, akaeleza alichokuta, volti, asilimia, namba za matairi, tarehe ya udhamini, akaomba mpokeaji agonge muhuri kwenye nakala yake. Hakupandisha sauti hata mara moja. Gari likabaki, nasi tukaondoka na lile tulilokuja nalo. Njiani hakusema neno mpaka tulipokaribia kuachana, kisha akasema, "Miezi 15, fundi, na leo ndiyo nimelisubiri vizuri."

Wiki tatu zilizofuata alipiga simu tano tu. Katika hizo hakuuliza lini hata mara moja, nimeliona daftari. Aliuliza betri kubwa imefika asilimia ngapi na imechajiwa kwa chaja ipi. Aliuliza tofauti kati ya seli ya juu na ya chini ni milivolti ngapi. Aliuliza barua ya udhamini imesainiwa na nani. Na cha kushangaza, kijana yule yule wa mauzo aliyekuwa akijibu kwa mafumbo alianza kujibu kwa namba, kwa sababu kila alipotaka kujibu ilimbidi ainuke aende kuliangalia gari.

Seli zilichajiwa taratibu hadi kujaa, zikaachwa zitulie. Kipimo cha kwanza kilionyesha tofauti ya milivolti 38, kikubwa kuliko nilivyopenda. Baada ya mizunguko miwili ya kuchaji polepole, mfumo wa kusawazisha ukiwa umefanya kazi yake, ikashuka hadi 11. Kilowati-saa zilizoingia zilikaribiana na za karatasi ya kiwanda. Betri ilikuwa imesalimika. Barua kutoka kwa mtengenezaji ilifika siku ya 17, ikihamisha mwanzo wa udhamini hadi siku ya makabidhiano halisi. Fidia ya kusubiri waliikataa, na hatukuikomalia.

Tarehe 5 Mei 2023 tulirudi. Kitambaa cheusi hakikuwepo. Vitasa vilichomoza tukiwa hatua tatu kutoka mlangoni. Dada hakuingia ndani. Alininyooshea mkono, akaomba mita, akafungua boneti, akaweka nyaya mwenyewe, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. 12.7. Akainama kwenye kila tairi kusoma ubavu. Kisha akaketi kwenye kiti cha dereva, miguu ikiwa nje, akaweka hati ya makabidhiano juu ya paja, na pembeni ya mahali pa saini akaandika kwa mkono: betri kubwa 71%, ndogo volti 12.7, matairi 0623 yote manne, kilomita 38. Kijana wa mauzo akasoma begani kwake, akauliza kama hayo ni lazima.

"Kwangu ni lazima," akamjibu, akasaini, akamgeuzia karatasi naye asaini hapo hapo.